Boya Lililohama

Jumatatu, 3 Machi

Mguu wangu wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi gotini, na daktari amesema wiki nane. Nilianguka kutoka juu ya stuli nikipachika pazia nyumbani kwa mteja. Pazia lenyewe halikuanguka, na nataka hilo liandikwe kwanza.

Mwanangu alinileta kwake, ghorofa ya tano, na kesho yake akaondoka kwenda kazini. Ni fundi wa nyaya za umeme, wanasimamisha nguzo huko mbali mpaka mvua ziishe. Lifti ya jengo hili ni mbovu, kwa hiyo nilipandishwa ngazi nimebebwa kama kabati. Sasa tumebaki wawili, mimi na mke wake.

Mke wa mwanangu anauza katika duka la dawa. Ana miaka mitatu katika familia yetu na sijawahi kumsikia akitoa sentensi mbili mfululizo. Moyoni namwita Bi Kimya. Leo ameniwekea daftari hili mapajani, akasema, "Utachoka kukaa, mama." Akaenda zake kazini.

Haya, naandika.

Jumanne, 4 Machi

Amehamisha kiti changu kutoka sebuleni, akakiweka chumba cha nyuma, dirishani. Nimeelewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye mguu mmoja hawezi jembe, basi mpe dirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Chini ya dirisha kuna mto, na sikujua kama mto unaweza kuwa na kazi nyingi hivi.

Meli za mizigo zinatokea kushoto, huko bahari iliko. Zinapanda polepole, zimebeba makontena yaliyopangwa kama maboksi ya viatu dukani. Kulia kuna daraja lenye nguzo nne nene, na meli kubwa hazifiki huko. Kabla ya daraja zinakata kona na kwenda kufunga gati la ng'ambo. Haziwezi kujigeuza zenyewe mahali pembamba. Kila moja inashikwa na boti fupi zenye mabega mapana, zinazoitwa tagi, moja inasukuma mbele na nyingine inavuta nyuma, kama ndugu wawili wanaohamisha kitanda.

Tagi ziko mbili. Ya kijani inafanya kazi bila maneno, kama mwenye nyumba hii. Nyekundu inapiga honi kutwa nzima. Nahodha wake, mtu mfupi mwenye kofia, nimempa jina la Mpiga Honi. Mtu wa kazi hahitaji kelele zote hizo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Meli tatu. Mguu unawasha ndani ya plasta, na kijiti changu cha kujikunia Bi Kimya amekitupa.

Ijumaa, 14 Machi

Ninapokosea nasema nimekosea. Leo meli ndefu ilikuwa inapanda, na mitumbwi miwili iliyobeba watu wa sokoni ikajaribu kupita mbele ya pua yake. Kutoka huku juu nimeona wazi kwamba aliye kwenye usukani wa meli hawezi kuwaona; pua yenyewe inamziba. Tagi nyekundu ikatangulia mbio, honi juu, ikawazungukia kama kuku na vifaranga mpaka wakarudi kando. Ndiyo kazi ya honi. Nimemwondolea kosa, jina nimemwachia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata kazi. Fundi wa cherehani hawezi kukaa na kitu wiki tatu bila kukipima.

Karibu na ng'ambo kuna boya jekundu. Nimeangalia meli arobaini na moja, na zote zinafanya jambo lile lile: zinapanda moja kwa moja, zikishalipita boya tu ndipo zinakata kona. Hakuna hata moja inayokata kabla. Jioni nimemuuliza Bi Kimya, ambaye amezaliwa mtaa huu huu.

"Kabla ya boya, chini kuna fungu la mchanga, mama," akasema. "Ukishalipita ni kina."

Sentensi mbili! Nimeipigia mstari tarehe ya leo.

Basi nimefunga mto wa kitandani mgongoni mwa kiti, nikaulalia kichwa nikauangalia mto wa maji. Nikikaa hivyo, boya linakaa sawasawa chini ya bomba la moshi la kinu cha unga, ng'ambo ya pili. Nikachukua chaki yangu ya kitambaa nikachora mstari kwenye kioo, bomba juu, boya chini, umenyooka kama mshono wa suruali. Miguu ya kiti nayo nimeizungushia chaki sakafuni. Bi Kimya ameiona sakafu yake, akavuta pumzi, akapita.

Jumamosi, 29 Machi

Siku ya nane mvua haijanyamaza. Nguo haikauki, mkate unaota ukungu. Mwanangu amepiga simu kuuliza kama tunaelewana. Nimemwambia hatujagombana, kugombana kunahitaji watu wawili wanaoongea.

Alhamisi, 3 Aprili

Mto umefura. Umekuwa rangi ya chai ya maziwa na unakimbia. Umepitisha miti mizima na mizizi yake, paa la banda, godoro, na mlango ambao kufuli lake bado limefungwa. Gogo moja kubwa kama basi liligonga boya asubuhi. Boya likazama, likaibuka, likatingisha kichwa. Meli zimesimamishwa zote. Tagi zimefungwa gatini zikivuta kamba zao kama mbuzi.

Jumamosi, 5 Aprili

Boya limehama.

Naliandika tena kwa utulivu. Mvua imekatika saa nne asubuhi na ng'ambo ikaonekana vizuri. Nimelaza kichwa mahali pake. Bomba la kinu liko juu ya mstari wa chaki. Boya haliko. Liko kushoto kwa mstari, umbali wa vidole viwili kamili kwenye kioo. Nimekagua miguu ya kiti: iko ndani ya alama zake. Nimefumba jicho moja, nikafumba la pili. Nimekunywa maji, nimerudia. Vidole viwili.

Kushoto ndiko meli zinakotokea. Maana yake meli itakayolifuata boya itakata kona mapema, juu ya fungu la mchanga. Vidole viwili hapa dirishani, huko majini sijui ni hatua ngapi, lakini si chache.

Nimekata vitambaa miaka thelathini na minane. Nikisema mstari umepinda, umepinda.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepiga simu ofisi ya bandari. Karani mmoja kapokea.

"Mama, boya lile limefungwa kwa mnyororo na zege la tani tatu. Haliendi kokote."

"Mwanangu, mimi naliangalia hapa. Limekwenda."

"Mama yuko wapi?"

"Ghorofa ya tano, dirishani."

"Samahani mama, mama ni nani kitaaluma?"

"Fundi wa cherehani."

Nilisikia akiziba simu kwa kiganja. Kiganja chake ni chembamba; kicheko kilipita.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepiga tena. Karani amesema wataalamu wataenda kulikagua mvua zikiisha. Nikamuuliza kwani meli nazo zitakuja mvua zikiisha? Akasema maji yanashuka, meli ya kwanza inapanda Alhamisi, imebeba ngano, na nisiwe na wasiwasi. Nimemwambia sina wasiwasi, nina macho. Akakata simu.

Nilipogeuka, Bi Kimya alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, hajui aingie au atoke. Nikadhani ataniambia niache kusumbua watu. Badala yake akasema, "Mama, hebu inuka."

Nikainuka kwa magongo yangu. Akakaa kwenye kiti, akalaza kichwa pale pale, akafumba jicho moja. Akakaa muda mrefu. Huyu ni mtu anayesoma maandishi madogo ya chupa za dawa kutwa nzima, na akisoma vibaya mgonjwa anakufa. Nikaona midomo yake ikihesabu.

"Vidole viwili," akasema. "Vyangu ni vyembamba. Vyangu viwili na nusu."

Jumatano, 9 Aprili

Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Ameamka, amechukua karatasi niliyochora bomba, boya na mstari, na orodha ya meli zangu zote na mahali zilipokata kona, akaenda ofisi ya bandari kwa miguu kwa sababu barabara ya chini imejaa maji. Amekalishwa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa nane. Karatasi ikapokelewa ikawekwa juu ya karatasi nyingine. Amerudi ameloa hadi mfukoni.

Nimempa kanga kavu na chai. Nikamwambia, "Mwanangu, ungeweza kusema mama mkwe ana wazimu, ukalala."

Akacheka. Nimemwona meno leo, baada ya miaka mitatu.

"Mama," akasema, "dukani naongea na watu mia kwa siku. Kunywa hiki mara mbili, hiki usinywe na pombe, hiki si cha mtoto. Nikifika hapa maneno yamekwisha. Si kwamba nimenuna."

"Na kiti ulichonihamishia huku nyuma?"

"Sebuleni ungekuwa unaangalia ukuta. Hili ndilo dirisha zuri. Nilikuwa nalala chumba hiki mimi, kabla hujaja."

Nikamuongezea sukari.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika saa kumi na moja jioni. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi mke wa mwanangu hakwenda dukani. Alisema, "Ofisi imeshindikana. Nakwenda kwa wenye tagi wenyewe." Nikabaki naangalia. Nilimwona mdogo huko chini, mwavuli wa buluu, anapita kati ya malori hadi ilikofungwa tagi nyekundu. Nikaona kofia inatoka. Wakasimama mvuani, yeye anaonyesha juu dirishani kwangu, nami nikapunga gongo.

Saa tano mlango ukafunguliwa, akaingia Mpiga Honi, anahema kwa ngazi zetu. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, sauti imekwaruza. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwenye hicho kiti, usikisogeze."

Akakaa. Akaangalia. Akatoa kofia, akaangalia tena. Mimi na mke wa mwanangu tumesimama nyuma yake kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Jana nimepita karibu na boya, propela ikanichotea matope," akasema taratibu. "Nikajiambia ni mafuriko tu." Akageuka. "Mama, una hakika mstari huu uliuchora kabla ya mafuriko?"

"Tarehe ishirini na mbili Machi. Imeandikwa."

"Na kiti?"

"Angalia sakafu."

Akaiangalia sakafu, akaangalia saa yake. "Meli ya ngano imeshaingia mtoni. Maji yanavyokimbia hivi haiwezi kugeuka wala kusimama, lazima ifike gatini. Itakuwa hapa saa nane."

"Basi mwambieni akate kona baadaye," mke wa mwanangu akasema.

"Baadaye kiasi gani? Akizidisha, nguzo za daraja hizo hapo." Alinyoosha kidole kulia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba tatizo lina pande mbili. "Kwenye usukani sina kiti hiki wala chaki hii. Nahitaji alama ninayoiona nikiwa majini."

Nikamwambia alama ninayo. Bomba la kinu liko upande ule. Upande huu tutundike kitambaa kikubwa dirishani, hapa hapa kwenye mstari. Akiwa mtoni, kitambaa kikiwa begani kwake kulia na bomba begani kushoto, sawasawa, yuko mahali boya lilipokuwa. Hapo akate.

Alifikiri kama mtu anayejaribu koti. "Inakaa," akasema. "Nitamwambia rubani wa meli kwa redio. Ataniuliza nimeambiwa na nani."

"Mwambie umeambiwa na fundi."

Alipotoka, nikatafuta kitambaa. Shuka zote za nyumba hii ni nyeupe, na mvuani nyeupe haionekani. Mke wa mwanangu akaingia sebuleni, akarudi na pazia lake la njano, jipya, alilolishonesha kwa fundi mwingine wakati mimi mama mkwe wake nipo hai. Jambo hilo nilikuwa nimeliweka rohoni tangu mwaka jana. Nikashona vitanzi vinne vya haraka, tukalifunga kwenye nondo za chini za dirisha, lisizibe kioo, likashuka hadi ghorofa ya nne.

Saa nane kasorobo pua ya meli ikatokea kushoto. Sijawahi kuona ndefu namna ile. Tagi nyekundu mbele, ya kijani nyuma, kamba zimekaza. Mvua ilikuwa nyembamba, bomba la kinu linaonekana nusu.

Sasa nitaandika jambo ambalo sikumwambia mtu. Meli ilipokaribia boya, niliutilia shaka mstari wangu mwenyewe. Nimekata gauni za maharusi, kanzu za maimamu na sare za shule nzima, na mkasi wangu haujawahi kutetemeka. Lakini kitambaa kikiharibika kinanunuliwa kingine. Kama nimekosea, meli hii itakwenda nguzoni, na daraja lina watu, kwa sababu ya mstari wa chaki wa mwanamke mwenye plasta.

"Pazia limenyooka na mstari?" nikauliza.

Mke wa mwanangu alikuwa kwenye kiti, jicho moja limefumbwa. "Limenyooka, mama."

Meli ikafika kwenye boya. Nikaona pua inaanza kugeukia ng'ambo, kwa mazoea, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Tagi nyekundu ikaweka bega lake ubavuni ikaizuia. Honi tatu ndefu. Meli ikajibu honi moja, ya hasira. Pua ikanyooka tena. Ikalipita boya na haikukata. Watu wa darajani wakaanza kusimama, wengine wakakimbia.

"Bado," akasema mke wa mwanangu. "Bado. Bado kidogo."

Daraja lilikuwa karibu mno. Nilishika nondo.

"Sasa!"

Hakuna aliyemsikia huko chini, lakini ilikuwa ni sasa kweli. Tagi nyekundu ilipiga honi, ikasukuma mpaka moshi ukatoka mweusi. Ya kijani ikavuta mkia. Meli ikazunguka polepole, ubavu wake wote ukageukia kwetu ukaziba bomba, ukaziba kinu, ukaziba ng'ambo yote. Halafu ng'ambo ikarudi kuonekana, na meli ilikuwa imelala gatini na watu wanatupa kamba.

Mke wa mwanangu alilia. Mimi nilikaa chini, kwenye sakafu, kwa sababu kiti kilikuwa chake.

Saa kumi Mpiga Honi amepiga simu. Amerudi na tagi hadi kwenye boya, akateremsha kamba ya kupimia. Meli ile inataka pima tano za maji. Pale boya lilipoiambia ikate, kuna pima mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Karani amepiga simu mwenyewe.

"Mama, wewe ndiye yule fundi wa cherehani?"

"Ndiye."

"Tunaomba pazia lisiondolewe mpaka tulirudishe boya."

"Pazia ni la mkwe wangu. Uliwahi kumweka kwenye benchi kwa muda wa saa tano. Muombe yeye."

Nikampa simu. Akamwacha asubiri, nilihesabu, muda wa kuchemsha chai. Kisha akasema, "Ndiyo, karibu," na tukakubali.

Alhamisi, 17 Aprili

Boya limerudishwa kwa winchi. Nililiongoza mimi kwa simu, Mpiga Honi upande wa pili. "Kulia, mwanangu. Kulia. Umezidisha. Hapo, funga." Pazia limechujuka hadi limekuwa rangi ya siagi. Nimemwambia mke wa mwanangu nitamshonea jingine. Amesema atachagua kitambaa yeye. Nikasema kitambaa chaguo lake, marinda yangu. Tukabishana juu ya marinda mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Plasta imetolewa. Mguu ni mwembamba na mweupe kama kitu kilichokaa chini ya jiwe, lakini unakanyaga.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zimekwisha. Mwanangu anarudi kesho na mimi narudi kwangu kesho kutwa. Wateja wamechoka kusubiri. Mpiga Honi alikuwa ametualika tukaone tagi, kwa hiyo leo nimeshuka ngazi zote kwa miguu yangu, nimeshika mkono wa mke wa mwanangu, tumepumzika kila ghorofa.

Nilikuwa sijawahi kufika mtoni. Wiki nane naujua mto huu kuliko mfuko wangu, na sijawahi kuunusa. Unanuka mafuta, kamba mbichi na chuma. Tukasimama pembeni ya gati, na meli ikaja.

Sikuwa nimejiandaa. Kutoka juu meli ni kitu kinachoenea kwenye kioo, unaweza kukifunika kwa kiganja. Huku chini ilikuja kama mtaa mzima uliong'oka. Nikainua kichwa kutafuta mwisho wake juu, kitambaa changu cha kichwa kikadondoka, na bado sikuuona. Mawe ya gati yalikuwa yanatetemeka chini ya viatu vyangu. Jua likaondoka, tukawa kivulini, na ubavu ukapita, ukapita, ukapita.

Mke wa mwanangu akanibana mkono. "Mama, unaogopa?"

"Siogopi," nikasema. Kisha, kwa kuwa na huyu sasa naongea ukweli, nikasema, "Ningejua ni kubwa hivi, nisingethubutu kusema neno."

Akaokota kitambaa changu, akakikung'uta, akanifunga kichwani mwenyewe, vizuri.

"Ungesema," akasema.

Nikaangalia ule ukuta wa chuma unaomalizia kupita, na tagi nyekundu imeuegemea begani, ndogo, haina wasiwasi.

Ningesema.